Mwongozo Kamili wa Kumtunza Aksoloti, Salamanda wa Majini Aliye Hatarini Kutoweka

Aksoloti, ambaye wanasayansi humwita Ambystoma mexicanum, ni salamanda, yaani amfibia mwenye mkia na umbo kama la mjusi, anayezaliwa majini, anayekulia majini na kuzaana humo humo bila kuacha umbo lake la utotoni. Chura huanza maisha akiwa kiluwiluwi, kisha hupoteza mkia na matamvua na kutoka nchi kavu, ilhali aksoloti hufikia utu uzima akiwa bado na matamvua yake sita, matatu kila upande wa kichwa, yaliyochanua kama manyoya ya ndege. Afrika kusini mwa Sahara haina salamanda wa asili hata mmoja, na kwa sababu hiyo wengi wetu tunamfahamu kwa picha tu. Mwongozo huu unawalenga Waswahili walioko Ulaya na Amerika, ambako mnyama huyu huuzwa sana, pamoja na walimu na wafugaji wa samaki wa mapambo wa Afrika Mashariki wanaofikiria kumfuga.

Jambo moja litajirudia katika kila hatua: mwenye aksoloti anatunza maji, na maji ndiyo yanayomtunza mnyama. Anayeweza kuyaweka maji yawe baridi, safi na tulivu kwa muda wa miaka 10 hadi 15, ambayo ndiyo maisha ya kawaida ya aksoloti aliyetunzwa vizuri, aendelee kusoma. Asiyeweza hana sababu ya kuona haya, lakini asimnunue.

Hatua ya kwanza: Fahamu anakotoka na kwa nini anaisha

Makao ya asili ya aksoloti yalikuwa maziwa mawili ya Bonde la Meksiko, Xochimilco na Chalco. Ziwa Chalco lilikaushwa, na Xochimilco imebaki kuwa mtandao wa mifereji kusini mwa Jiji la Mexico, inayopita katikati ya bustani ziitwazo chinampa. Bustani hizo wakulima wamezijenga tangu zama za Waazteki kwa kurundika matope na majani ndani ya maji ya kina kifupi. Hesabu za watafiti zilikadiria aksoloti 6,000 hivi kwa kila kilometa ya mraba mwaka 1998, na kufikia mwaka 2014 makadirio yalikuwa yameshuka hadi 36. Tangu mwaka 2006 Umoja wa Kimataifa wa Kuhifadhi Mazingira Asilia umemweka katika daraja la viumbe walio hatarini kabisa kutoweka, ambalo ni la mwisho kabla ya kutoweka porini.

Sababu zimeshikana. Jiji lilikua na kuyameza mashamba, majitaka yakaelekezwa kwenye mifereji, na katika miaka ya 1970 na 1980 samaki wa kigeni walimwagwa humo ili wananchi wapate kitoweo. Samaki hao walikuwa kapi wa Asia na sato, yuleyule tunayemla Mwanza na Kisumu. Wageni hao hula mayai na watoto wa aksoloti, humnyang'anya chakula aliyekua, na kapi huchimbua matope hadi mimea ya kutagia mayai haishiki tena. Mnyama ambaye zamani alikuwa mwindaji mkuu wa maji yake amegeuka kuwa windo. Siku hizi wakulima wa chinampa, kwa kushirikiana na watafiti wa Chuo Kikuu Huru cha Taifa cha Meksiko, UNAM, akiwemo mwanabiolojia Luis Zambrano, huweka kwenye midomo ya baadhi ya mifereji vizuizi vinavyochuja maji na kuwazuia samaki hao, ili ndani yake pawe kimbilio.

Mfugaji anapaswa pia kujua kwamba aksoloti wa dukani ana historia yake ya pekee. Mwaka 1864 aksoloti sita walimfikia mtaalamu wa wanyama wa Kifaransa, Auguste Duméril, katika bustani ya Jardin des Plantes mjini Paris, wakazaana mwaka uliofuata, na wengi wa wale wanaofugwa leo katika maabara na majumba ya watu wametokana na uzao huo. Mwaka 1962 mtafiti wa Marekani, Rufus Humphrey, aliwachanganya na salamanda chui-milia (Ambystoma tigrinum) ili kupata rangi ya zeruzeru, kwa hiyo damu ya aksoloti wa matangini si ile ya aksoloti wa Xochimilco. Tutahitaji kulikumbuka hilo katika hatua ya mwisho.

Hatua ya pili: Hakikisha sheria inakuruhusu

Aksoloti yumo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini kutoweka, tangu mwaka 1975. Maana yake ni kwamba kumvusha mpaka wa nchi kunahitaji kibali cha nchi anakotoka, hata kama amezaliwa kwenye tangi. Mkazi wa Marekani aulize sheria ya jimbo lake, kwa sababu California, kwa mfano, hairuhusu kumfuga. Aliye Tanzania, Kenya au Uganda aanze na mamlaka ya wanyamapori ya nchi yake, kisha mamlaka ya afya ya mifugo, kabla hajamlipa mtu yeyote hata shilingi moja. Muuzaji anayekuahidi kukuletea mnyama ndani ya begi la safari aachwe: anavunja sheria, na mara nyingi mzigo hufika umekufa.

Mnunue kwa mfugaji anayeweza kukuonyesha wazazi wa mnyama na kukueleza tarehe ya kuanguliwa. Usinunue kamwe aksoloti anayesemekana amekamatwa porini.

Hatua ya tatu: Pima joto la nyumba yako kabla ya kununua chochote

Hapa ndipo ndoto nyingi huishia, na ni heri ziishie hapa kuliko mbele ya safari. Aksoloti anataka maji ya nyuzijoto 16 hadi 18 za Selsiasi. Anavumilia 20 au 21, lakini yakizidi 24 anaanza kuteseka: hamu ya kula hupotea, oksijeni majini hupungua wakati mwili wake unaihitaji zaidi, na kuvu na bakteria humshambulia. Jaza ndoo maji, iweke mahali unapokusudia kuweka tangi, ingiza kipimajoto na uandike vipimo vya asubuhi, saa tisa alasiri na usiku kwa wiki nzima, ikiwezekana katika msimu wa joto. Ndoo hiyo itakupa jibu ambalo muuzaji hawezi kukupa.

Anayeishi Lushoto, Njombe au Limuru anaweza kukuta maji yake yako karibu na kipimo kinachotakiwa kwa sehemu kubwa ya mwaka. Anayeishi Dar es Salaam, Mombasa au Muscat hatafanikiwa bila mashine ya kupoza maji, ambayo bei yake huweza kuzidi ya tangi na mnyama kwa pamoja, na ambayo inadai umeme usiokatika. Feni inayopuliza juu ya maji husaidia kwa kuyafanya yavukizwe na kushusha joto kwa nyuzi chache, lakini hufanya hivyo vizuri pale hewa ilipo kavu. Kwenye unyevunyevu wa pwani msaada wake ni mdogo. Chupa za maji yaliyogandishwa zinafaa kwa dharura ya siku moja mbili. Zikifanywa kuwa utaratibu wa kudumu, joto hupanda na kushuka kila baada ya saa chache, na kuyumba huko nako ni mateso. Kwa maoni yangu, mkazi wa pwani asiyekuwa na mashine ya kupoza maji na umeme wa akiba asimfuge aksoloti hata kidogo.

Hatua ya nne: Andaa tangi

Aksoloti aliyekomaa hufikia sentimita 20 hadi 30, na wachache huzidi hapo. Huishi akitambaa chini, kwa hiyo eneo la sakafu ya tangi lina maana kuliko kimo. Tangi la lita 75 ndicho kiwango cha chini kabisa kwa mmoja. Mimi ningeshauri lita 150, lenye urefu wa sentimita 90 au zaidi, kwa kuwa maji mengi huchelewa kuchafuka na huchelewa kupata joto. Liwe na mfuniko wenye matundu ya hewa, maana aksoloti aliyeshtuka huweza kuruka nje.

Sakafu ya tangi iachwe tupu au iwekwe mchanga laini sana, wa chembe zisizofika milimita moja. Kokoto hazifai kabisa. Mnyama huyu hali kwa kutafuna: hufungua mdomo ghafla, maji yakavutwa ndani pamoja na chochote kilicho karibu, kisha humeza kizimakizima. Kokoto ikiingia hukwama tumboni na kumuua taratibu. Kwa sababu hiyohiyo, usiweke pambo lolote linaloweza kuenea mdomoni mwake.

Chujio la sponji linaloendeshwa na pampu ndogo ya hewa linatosha na ni la bei nafuu. Husafisha bila kusukuma maji kwa nguvu. Ukitumia chujio lenye mkondo, elekeza mdomo wake kwenye kioo ili mkondo uvunjike. Mpe mapango mawili ya kujifichia, vipande vya bomba pana la plastiki au vyungu vilivyolazwa, vyenye kingo laini. Aksoloti hana kope za kufumba macho, na mwanga mkali humkera. Taa iwe hafifu, na tangi lisiwekwe mahali panapopigwa na jua.

Hatua ya tano: Komaza maji kabla mnyama hajafika

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayoua aksoloti wengi katika mwezi wa kwanza. Kinyesi cha mnyama na mabaki ya chakula huzalisha amonia, ambayo huunguza matamvua na ngozi. Katika tangi lililokomaa, kundi moja la bakteria huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo inavumilika ikiwa kidogo. Bakteria hao huishi hasa ndani ya sponji la chujio. Kwenye tangi jipya hawapo. Ni lazima waoteshwe, na kazi hiyo huchukua wiki 4 hadi 8.

Jaza tangi maji ambayo klorini yake imeondolewa kwa dawa maalumu. Maji ya bomba yakiachwa wazi siku nzima hupoteza klorini, lakini baadhi ya miji hutumia kloramini, ambayo haiondoki kwa kukaa, kwa hiyo dawa ni salama zaidi. Washa chujio, kisha tia amonia safi, isiyo na sabuni wala manukato, hadi kipimo kionyeshe miligramu 2 hivi kwa lita. Nunua vipimo vya matone, kwa kuwa vile vya karatasi havisomeki kwa uhakika. Pima kila siku au kila baada ya siku moja na uandike. Amonia itaanza kushuka, nitriti itapanda sana, kisha nayo itashuka na nitrati ionekane. Kipindi hiki maji yanaweza kuwa na joto la nyuzi 22 hadi 25, kwa kuwa bakteria hukua haraka zaidi humo na mnyama bado hayupo.

Tangi limekomaa pale ambapo ukitia amonia ya miligramu 2 leo, kesho saa kama hiyo amonia ni sifuri na nitriti ni sifuri. Badilisha maji mengi ili nitrati ishuke chini ya miligramu 20 kwa lita, yapoze hadi nyuzi 18, na hapo ndipo umwendee mfugaji wako.

Hatua ya sita: Chagua mnyama na umwingize majini

Chagua aliye na urefu wa sentimita 8 au zaidi, kwa maana wadogo kuliko hapo wanahitaji chakula hai mara kwa mara na hufa kirahisi mikononi mwa anayeanza. Mwombe mfugaji amlishe ukiwa unatazama. Mzima hugeuza kichwa kufuata chakula, ana matamvua yaliyojaa, tumbo lililo na upana sawa na kichwa, na hana utando mweupe mwilini.

Ukifika nyumbani, uache mfuko uelee juu ya maji ya tangi mpaka joto lilingane, kisha ongeza kikombe cha maji ya tangi ndani ya mfuko kila baada ya dakika kumi kwa muda wa kama saa moja. Mhamishe kwa chombo kilichojaa maji. Ngozi yake haina magamba na mifupa yake ni laini, hivyo hashikwi kwa mikono isipokuwa pale ambapo hapana budi, na usitumie wavu wenye matundu mapana, vidole vyake hunasa. Akikataa kula siku ya kwanza na ya pili, mwache apumzike.

Afugwe peke yake au na aksoloti wa kimo chake. Wachanga hung'atana miguu. Kweli mguu uliokatika huota upya, na mnyama huyu huweza kuotesha hata sehemu za uti wa mgongo, moyo na ubongo, uwezo ambao umewafanya wanasayansi wamchunguze kwa zaidi ya karne moja na nusu na kuusoma mfuatano wote wa jenomu yake mwaka 2018, wakakuta ni kubwa mara kumi hivi ya jenomu ya binadamu. Uwezo huo si kisingizio cha kumwacha ajeruhiwe. Samaki nao wasiwekwe: wakubwa humdonoa matamvua, na wadogo humezwa na kumwachia vimelea.

Hatua ya saba: Mlishe, na uyatunze maji kila wiki

Chakula bora ni nyungunyungu. Wana protini ya kutosha, wanapatikana kwenye mboji karibu kila mahali, na humezwa kwa urahisi. Wachimbe mahali ambapo hapajawahi kupigwa dawa za kuua wadudu, waoshe kwa maji yasiyo na klorini, na wale wakubwa wakatwe vipande visivyozidi upana wa kichwa cha mnyama. Mshike nyungunyungu kwa kibano chenye ncha butu, umpitishe taratibu mbele ya pua. Aksoloti ana macho dhaifu na hutegemea harufu na mtikisiko wa maji. Utamwona akitulia, akiinua kichwa kidogo, kisha kwa kufumba na kufumbua nyungunyungu ametoweka. Aksoloti aliye mchanga hulishwa kila siku, na aliyekomaa mara 2 au 3 kwa wiki. Punje za kuzama zenye protini nyingi zinafaa kuwa akiba. Nyama ya ng'ombe na kuku isiwe mlo wa kawaida, kwa kuwa mafuta yake hayameng'enywi vizuri.

Mabaki yaondolewe siku hiyohiyo, na kinyesi kinyonywe kwa mpira kila kinapoonekana. Kila wiki badilisha asilimia 20 hadi 25 ya maji kwa mengine yaliyoondolewa klorini na yenye joto lilelile, baada ya kupima amonia, nitriti na nitrati. Amonia au nitriti ikionekana, badilisha nusu ya maji siku hiyo bila kungoja. Sponji likamuliwe ndani ya ndoo ya maji uliyoyatoa tangini. Ukiliosha chini ya bomba, klorini itawaua bakteria uliowaotesha kwa wiki nane.

Hatua ya nane: Jifunze kuusoma mwili wake

Aksoloti halii, wala halalamiki. Matamvua yaliyokunjwa kuelekea mbele, hasa yakiambatana na ncha ya mkia iliyojikunja, yanaeleza kwamba mkondo una nguvu mno au maji yana kasoro. Matamvua yanayosinyaa wiki baada ya wiki mara nyingi ni dalili ya joto au amonia. Kupanda juu kumeza hewa mara mojamoja ni kawaida, kwa kuwa ana mapafu pia; akifanya hivyo kila baada ya dakika chache, oksijeni imepungua. Anayeelea bila kuweza kushuka huenda ana gesi au kitu kimekwama tumboni. Katika hali zote hizi jambo la kwanza ni kupima maji na joto, kabla ya kufikiria dawa.

Nyuzinyuzi nyeupe kama pamba kwenye matamvua ni kuvu. Wafugaji wengi humwogesha mnyama kwenye chombo cha pembeni chenye chumvi isiyo na madini joto (iodini), vijiko vidogo 2 vya chai kwa lita moja ya maji baridi, kwa dakika 10 na si zaidi ya 15, mara moja au mbili kwa siku, kwa siku chache. Chumvi isitiwe ndani ya tangi lenyewe. Kidonda kinachopanuka, mwili uliovimba au kukataa chakula kwa zaidi ya wiki mbili ni kazi ya daktari wa wanyama, na ni vyema umtafute aliyezoea amfibia kabla hujamhitaji. Dawa za samaki zenye shaba zisikaribie tangi. Vilevile usijaribu kumtia madini joto ili umwone akigeuka kuwa salamanda wa nchi kavu. Mabadiliko hayo yanawezekana, lakini humwumiza na kumfupishia maisha.

Hatua ya tisa: Mayai, na siku utakaposhindwa kuendelea naye

Aksoloti hukomaa akiwa na umri wa mwaka mmoja hivi. Dume hutambulika kwa uvimbe ulio wazi nyuma ya miguu ya nyuma, na jike kwa mwili mpana zaidi. Wakikaa pamoja watazaana, na jike mmoja huweza kutaga mayai 100 hadi 1,000 kwa mkupuo. Usiruhusu yaanguliwe kama huna mahali pa kuwapeleka watoto hao wote, ambao wiki za mwanzo huhitaji artemia hai (vijidudu vya maji ya chumvi) kila siku. Mayai yasiyotakiwa yagandishwe kwenye friza katika siku mbili za mwanzo, yakiwa bado vijidonge vya duara. Dume na jike wasiozalishwa kwa makusudi watenganishwe moja kwa moja.

Usimwachie aksoloti wala mayai yake mtoni, ziwani au bwawani, popote duniani. Katika maji ya joto atakufa. Katika maji baridi ya milimani anaweza kuishi, akala wadudu na viluwiluwi vya vyura wa hapo, na kuwaambukiza kuvu wa ngozi ambao tayari wameangamiza amfibia wengi duniani. Milima yetu ya Uluguru na Usambara ina vyura wasiopatikana kwingine kokote, na mgeni wa aina hii ni hatari kwao kama sato alivyokuwa hatari Xochimilco. Kumrudisha Meksiko nako si kazi ya mfugaji, kwa sababu ya ule mchanganyiko wa damu na magonjwa ya matangini. Kazi hiyo ina wenyewe: watafiti waliwaachia aksoloti 18 waliozalishwa kwa uangalizi katika maeneo oevu ya Jiji la Mexico, wakawafuatilia kwa vifaa vya redio, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025 yalionyesha kuwa waliweza kuishi na kujitafutia chakula. Anayetaka kuchangia anaweza kutoa fedha kupitia mpango wa UNAM wa kuasili aksoloti kwa njia ya mtandao, ambao fedha zake huenda kwenye makimbilio ya chinampa.

Ukihama, ukiugua au ukishindwa gharama, mtafute mfugaji mwingine, shule yenye maabara au bustani ya wanyama iliyo tayari kumpokea, na uanze kutafuta miezi kadhaa kabla ya siku yenyewe. Mkabidhi mpokeaji sponji la chujio likiwa limelowa kwenye maji ya tangi, ili bakteria wasife njiani, pamoja na daftari la vipimo vya maji, tarehe ya kuanguliwa na karatasi za ununuzi. Nenda ukaone tangi lake na upime maji yake mwenyewe. Amonia ikionekana, rudi na mnyama nyumbani mpaka tangi hilo likomae.